Neno «grievous»: huzuni, jeraha, na uzito



Mu namba hii sisi wa kundi la Kiingereza tunataka kueleza neno moja tu. Mtauliza: juu ya nini kurasa nyingi kwa neno moja? Ni kwa sababu neno hili lilitushinda, na kushindwa kwetu kulimletea mzee mmoja hasara. Tuanze na habari ile, ndipo mtaelewa kama si mchezo wa maneno.

Mmoja wetu yuko na nkambo wake anayekaa kijiji kimoja pembeni ya mji, karibu na barabara ambayo malori ya mawe yanapita usiku na mchana. Kila mara baruti inapolipuka ku shimo la mgodi, nyumba inatetemeka. Ukuta wa upande wa jikoni ukapasuka toka chini mpaka juu. Siku moja watu wa kampuni walipita kijijini wakigawa karatasi. Zile za Kifaransa zilikuwa zimekwisha, zikabaki za Kiingereza tu. Nkambo akapokea yake, akaitunza mpaka siku ya posho, wakati mjukuu wake, mtu wa masomo, alipokuja kumwamkia.

– Ile karatasi inasema nini, mwana?

Mu karatasi mlikuwa neno «grievance». Mjukuu hakulijua, lakini alijua «grief», maana tuliliandika mu daftari: «grief» ni huzuni. Akafikiri moyoni: maneno haya ni ndugu, basi maana ni moja. Akasoma kwa sauti:

– Inasema, nkambo, kila muntu mwenye kuwa na huzuni akuye ku biro mbele ya siku makumi tatu.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akajibu:

– Huzuni yangu haina na siku, mwana. Mungu tu njo anaijua.

Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia yake. Hakuenda ku biro. Siku makumi tatu zikapita, na ukuta ukabaki vile.

Nyuma ya majuma mengi, mu kalasi ya tano, mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni maneno manne: «grief», «grieve», «grievous», «grievance». Alipoyaeleza, mwenzetu aliinamisha kichwa. Alipoinua uso alituambia habari ya karatasi. Tangu siku ile tuliamua kulisoma neno hili mpaka mwisho.

1. Mzizi wake ni uzito

Maneno haya manne yanatoka mu Kilatini. Neno la kwanza ni «gravis», maana yake kitu kizito. Toka Kilatini likaingia mu Kifaransa cha zamani, na nyuma ya mwaka 1066, wakati Wanormani walipoishinda Uingereza, Kifaransa chao kilileta maneno mengi sana mu Kiingereza. Hili ni mojawapo. Ndiyo sababu wanafunzi wa Kongo tunapoliona tunadhani tunalijua. Kifaransa chetu cha kalasi kina «grave», kina «gravité», na radio inapotangaza ajali inasema mtu ameumia «grièvement». Yote ni watoto wa mama mmoja.

Fikirini gunia la mawe ya mukuba. Mtu analipandisha mgongoni, magoti yanatetemeka, shingo inaingia ndani. Uzito uko juu ya mwili. Sasa fikirini mama anayeletewa habari ya kifo cha mtoto wake. Hakubeba gunia, lakini magoti yanamtetemeka vilevile, na watu wanamshika asianguke. Uzito uko juu ya moyo. Watu wa zamani waliona mambo haya mawili yanafanana, wakayapa mzizi mmoja. Kwa hiyo neno lile linaweza kusema huzuni, na tena linaweza kusema jeraha baya la mwili. Hakuna uchawi ndani yake.

Na sisi tunasema vile. Ku nyumbani tunasema «niko na moyo nzito». Tunasema «ile maneno iko nzito» tukitaka kusema shauri gumu. Waebrania nao walikuwa na neno «kaved», maana yake kizito, na walilitumia kwa njaa kali. Mkifungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 12, pale Abramu anaposhuka Misri kwa sababu ya njaa, mu Kiebrania njaa ile inaitwa nzito. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walipofika pale waliandika «grievous». Hawakutaka kusema kama njaa ilikuwa na huzuni. Walitaka kusema kama ilikuwa inawalemea watu. Vilevile mu kitabu cha Kutoka, mapigo ya nzi, ya ugonjwa wa ng'ombe na ya mvua ya mawe yaliitwa mazito mu Kiebrania, nao wakaandika «grievous».

Basi ukikutana na neno hili, uliza kwanza: uzito huu umeanguka juu ya nini?

2. Ndugu wanne, kila mmoja na kazi yake

«Grief» ni jina. Ni huzuni nzito ndani ya mtu, zaidi ile ya kufiwa. Angalieni vizuri: si kilio. Kwetu kilio ni machozi, na tena ni mkutano wa watu wanaokuja kulala na wafiwa, na tena ni pahali penyewe. Tunasema «tunaenda ku kilio». Waingereza kwa mkutano na desturi za kuomboleza wako na neno lingine, «mourning». «Grief» inabaki ndani ya mtu hata watu wakikwisha kurudi kwao na viti vikirudishwa kwa jirani. Kilio kinakwisha kwa siku. «Grief» haikwishi kwa siku. Kwa hiyo jibu la nkambo lilikuwa sawa kabisa. Swali ndilo lilikuwa baya, na swali lile lilitoka kwetu.

«Grieve» ni kitendo. Kiko na njia mbili. Mtu akifiwa, «he grieves», anaomboleza moyoni. Tena jambo linaweza «grieve» mtu, maana yake linamhuzunisha. Njia hii ya pili inasikika zaidi mu maandiko na mu barua za heshima.

«Grievous» ni sifa. Linafuatana na jina lingine: kosa, hasara, jeraha. Maana yake ni kizito, kibaya sana, chenye kuumiza. Mu mazungumzo ya kila siku Waingereza wa leo hawalitumii sana. Wanasema «serious» ao «severe» ao «terrible». «Grievous» limebaki zaidi mu tribinali, mu kanisa, na mu magazeti wakati mwandishi anataka kusema kwa uzito.

«Grievance» ni jina tena, lakini liko mbali na machozi. Ni shauri ambalo mtu analo juu ya mwingine kwa sababu ametendewa visivyo haki: mshahara haukulipwa, shamba limefunikwa na udongo, ukuta umepasuka. Mtu mwenye «grievance» haombi pole. Anaomba jibu. Kwa Kiswahili tuseme lalamiko, ao shauri, ao madai, kufuatana na pahali.

Sasa mnaona kosa letu. Karatasi iliomba lalamiko la mzee, sisi tukamwomba machozi yake.

3. Mitego

Mtego wa kwanza ni Kifaransa. Kifaransa kiko na neno «grief», herufi moja kwa moja kama la Kiingereza. Lakini kwa Mfaransa «griefs» ni malalamiko, na «faire grief» ni kumlaumu mtu. Huzuni wanaiita «chagrin» ao «douleur». Basi neno lenye sura moja ni lalamiko mu Kifaransa, na huzuni mu Kiingereza. Atakayetafsiri kwa kuangalia sura tu atakosa pande zote mbili.

Mtego wa pili ni kaburi. Mu Kiingereza «grave» ni kaburi, na tena «grave» ni sifa ya jambo zito. Mtu anafikiri mzizi ni mmoja, kwa kuwa kaburi na huzuni vinakaa pamoja. Hapana. «Grave» ya kaburi inatoka mu Kiingereza chenyewe cha kale, mu neno la kuchimba. «Grave» ya uzito inatoka mu Kilatini. Zimekutana njiani tu, kama watu wawili wenye jina moja wasio wa ukoo mmoja.

Mtego wa tatu ni misemo. Wakisema lori «came to grief», hawasemi kama lori lilihuzunika. Maana yake lilipata ajali, liliharibika, safari ilivunjika. Na mtu akipiga kelele «Good grief!» hajafiwa, ameshangaa tu.

Mtego wa nne ni kutamka na kuandika. Ni gri-vas, sehemu mbili. Wengi wanasema gri-vi-as, wakiongeza «i» isiyokuwapo. Waingereza wenyewe wanakosa pale, kwa hiyo msione haya; lakini mu mtihani kosa ni kosa.

4. Sheria inasema nini

Pahali ambapo «grievous» linapimwa kwa uangalifu zaidi ni mu sheria. Uingereza iko na sheria ya mwaka 1861 juu ya makosa dhidi ya mwili wa mtu. Ndani yake kuna kosa linaloitwa «grievous bodily harm», maana yake kumdhuru mtu vibaya sana mwilini. Kifungu cha 18 ni kwa aliyekusudia kudhuru vile. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 20 ni kwa asiyekuwa na kusudi zito namna ile. Adhabu inaweza kufika miaka 5. Kama mtafsiri angeandika «huzuni ya mwili», jaji angecheka, na mshitakiwa angelia.

Lakini «grievous» ni kiasi gani? Mwaka 1960 majaji wakubwa wa Uingereza, mu kesi ya mtu aliyeitwa Smith, walisema neno lipewe maana yake ya kawaida: madhara mabaya kweli. Hawakuweka kilo wala sentimeta. Waliacha jeraha lenyewe lipimwe kufuatana na mambo yalivyokuwa.

Kisha swali gumu likaja. Mwili ukiwa mzima na akili ikavunjika, je? Mu kesi ya Burstow, ya mwaka 1997, mtu alimsumbua mwanamke muda mrefu kwa simu na barua na kumfuata-fuata, mpaka yule mama akapata ugonjwa mzito wa akili. Hakumgusa hata kidole. Majaji wale wakubwa walisema ugonjwa wa akili unaotambulikana na waganga unaweza kuwa madhara ya mwili, na ukiwa mzito unaweza kuitwa «grievous». Lakini hofu peke yake ao huzuni peke yake haitoshi. Hapo tunaona pande mbili za neno zikikaribiana sana, na sheria ikisimama katikati na kusema: mpaka hapa.

Kenya, iliyotawaliwa na Waingereza, ilichukua neno hilo mu sheria yake ya makosa ya jinai. Pale «grievous harm» limeelezwa: kulemaza mtu, kumdhuru kwa hatari, kuharibu afya yake vibaya ao kwa siku zote, kumharibu sura kwa siku zote, ao kuumiza vibaya kiungo cha nje ao cha ndani. Anayefanya hivyo anaweza kufungwa maisha.

Na kwetu Kongo? Sheria yetu ya makosa ya jinai ni ya tarehe 30 Januari 1940, na imeandikwa kwa Kifaransa. Kifungu cha 46 kinasema juu ya kupiga na kujeruhi kwa kusudi: kifungo cha siku 8 mpaka miezi 6. Kifungu cha 47 kinapandisha adhabu mpaka miaka 2 kufika 5 kama mtu aliyepigwa ameugua, ao hawezi kufanya kazi, ao amepoteza kabisa matumizi ya kiungo, ao amepata «mutilation grave». Neno letu lile lile limerudi kwa mlango mwingine!

Na huzuni je, sheria yetu haiijui? Inaijua. Sheria ya madeni na mapatano, kifungu cha 258, inasema mtu aliyeleta hasara kwa kosa lake anapashwa kuirekebisha. Matribinali yanakubali kama hasara inaweza kuwa ya moyo pia, wanaiita «préjudice moral». Kwa hiyo mfiwa anaweza kuomba malipo kwa ajili ya uchungu wake, lakini anapashwa kuipeleka huzuni yake pale kwa namna ya madai. Yaani «grief» inapashwa kuvaa nguo ya «grievance» ndipo mlango wa tribinali ufunguke.

5. Neno hili ndani ya Kolwezi

Msifikiri haya ni ya London tu. Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka mu shimo la KOV, mu eneo la Kamoto Copper Company, juu ya wachimbaji wa mkono. Watu wasiopungua 43 walikufa. Siku zile Kiingereza cha magazeti ya dunia kiliandika juu ya mji wetu, na sisi tulikuwa ku kilio. Pale maneno yetu yote yalikuwa pamoja: uzito wa udongo juu ya miili, uzito wa habari juu ya mama na wake, na maswali ya watu juu ya kazi ya mashimo.

Mu Desemba ya mwaka ule ule 2019, familia za watoto waliokufa ao kupata vilema mu mashimo ya kobalti ya upande wetu zilifikisha shauri mbele ya tribinali ya Washington, Marekani. Walishitaki kampuni tano: Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla. Walisema kampuni hizi zinafaidika na kazi ya kulazimishwa. Sheria ya Marekani juu ya kazi ya kulazimishwa inatumia maneno «serious harm», na inaeleza kama madhara haya yanaweza kuwa ya mwili ao yasiyo ya mwili: ya akili, ya mali, hata ya jina la mtu. Mnaona, nao wamekuta kama uzito hauanguki juu ya mifupa tu.

Shauri lile lilikataliwa mu Novemba 2021, na mu Machi 2024 tribinali ya rufani ikakubaliana na kukataliwa kule. Juu ya nini? Kwa hatua ile majaji hawakupima kama vilema vilikuwa vya kweli ao hapana; walichukua mambo kama yalivyoandikwa na familia. Walichosema ni kwamba kununua kobalti kupitia mikono mingi namna ile hakutoshi kuitwa ushirika mu biashara moja na wale wanaolazimisha watu. Sisi si majaji, na hatuandiki hapa kuhukumu. Tunataka mwone tofauti ya maneno. «Grief» inaweza kuwa ya kweli, «grievous harm» linaweza kuwa la kweli, na «grievance» ikakataliwa hata hivyo, kwa sababu «grievance» inauliza swali lingine: nani atajibu?

Tena tangu mwaka 2011 Umoja wa Mataifa uko na kanuni juu ya biashara na haki za watu. Kanuni ya 31 inaeleza namna gani njia ya kupokea malalamiko inapashwa kuwa. Kati ya mambo mengine, inapashwa kufikiwa na watu wanaohusika. Kanuni inataja wazi kama lugha na kutojua kusoma ni vizuizi. Tulipofika pale tulitazamana. Kizuizi kilichomzuia nkambo kilikuwa sisi, na daftari letu lenye mstari mmoja: «grief» ni huzuni.

6. Namna ya kutafsiri bila kukosa

Tumejiwekea maswali matatu. Yatumieni kila mara mtakapokuta mtoto yeyote wa «gravis».

La kwanza: uzito uko wapi? Kama uko ndani ya moyo, ni huzuni. Kama uko juu ya mwili, ni madhara ao jeraha baya. Kama uko juu ya haki ya mtu, ni lalamiko.

La pili: nani anaubeba? Wazee wa pwani wanasema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni ile pamba ya mti, nyepesi sana. Maana yake, mzigo ukiwa juu ya mwingine tunauona si kitu. Mtafsiri yuko ndani ya hatari hiyo kila siku. Neno si juu ya kichwa chake, kwa hiyo anapita haraka.

La tatu: neno linaomba nini? Huzuni inaomba watu waje kukaa pamoja na wewe. Jeraha linaomba dawa, na pengine hukumu. Lalamiko linaomba jibu, na linaweza kuwa na siku zake za mwisho. Ukichanganya, utampelekea pole mtu anayedai haki, ao utampelekea fomu mtu anayelia.

Na kama hujui, sema hujui. Mwenzetu anasema leo: «Ningesema tu, nkambo, hii neno siijue, nitauliza mwalimu, tungekuwa na siku makumi mbili na tisa zingine.»

7. Zoezi

Tafsirini sentensi hizi kwa Kiswahili, kisha mwangalie majibu chini. Msiangalie mbele!

a) Her grief was deep.
b) The driver suffered grievous injuries.
c) The workers have a grievance.
d) The old lorry came to grief near Luilu.
e) It was a grievous mistake.
f) Do not grieve alone.

Majibu: a) Huzuni yake ilikuwa kubwa sana. b) Dereva aliumia vibaya sana. c) Wafanyakazi wako na lalamiko. d) Lori la zamani lilipata ajali karibu na Luilu. e) Lilikuwa kosa zito. f) Usiomboleze peke yako.

Mu (e) wengi wa kalasi yetu waliandika «kosa la huzuni». Si mbaya kabisa, lakini neno linapima ukubwa wa kosa, si uso wa mkosaji.

8. Nkambo

Tulikwenda kwake siku ya posho, watu watatu, pamoja na mwenzetu. Alitupokea vizuri, akatupatia viti, mama akaleta maji. Mwenzetu alipiga magoti, akaeleza kosa lake. Tukatoa karatasi mu Biblia, tukaisoma upya, sentensi kwa sentensi, safari hii kwa maneno yake ya kweli.

Mzee akauliza:

– Kumbe walikuwa banauliza ukuta?

– Eyo, nkambo. Walikuwa banauliza ukuta.

Hakukasirika. Alituonyesha ufa; umekuwa mpana, mkono wa mtoto unaingia. Tukapima urefu wake, tukaandika tarehe ukuta ulipoanza kupasuka kama yeye alivyokumbuka, tukaandika barua kwa Kifaransa na kuweka alama ya kidole chake chini. Tulieleza kama siku zilipita kwa sababu karatasi ilisomwa vibaya, na tukaandika kama msomaji ni sisi. Barua imefika ku biro na muhuri wa mapokezi tuko nao. Jibu halijafika bado.

Tunawaomba basi, wenzetu: mkiwa na wazazi ao majirani wenye karatasi ya Kiingereza nyumbani, msiisome kwa kukisia. Ileteni ku kundi la Kiingereza, siku ya tatu nyuma ya masomo, mu kalasi ya tano. Mwalimu amekubali kukaa pamoja nasi. Anayekuja na karatasi aje na tarehe yake pia, maana mara nyingi tarehe ndiyo neno linalokwisha kwanza.

Kundi la Kiingereza